Siku Nilipomuuliza Mama Yako Namba

Mwaitu,

Nimekuita hivyo, yaani mama, tangu uzaliwe, kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na kwetu mtu hamwiti mama yake kwa jina hata kama mama mwenyewe bado ananyonya. Leo nakuita hivyo nikiwa na woga. Umeenda Matiliku kunyoa nywele, ati kesho huko jeshini wasipate cha kukunyoa, na mimi nimejifungia kwenye stoo kati ya magunia ya ndengu, na daftari lako la kidato cha pili lililobaki na kurasa tupu. Nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi.

Sitakuandikia habari za soksi, wala dawa ya malengelenge, wala jinsi ya kutandika kitanda. Hayo mama yako amekuambia mara tatu, na atakayosahau yeye sajini atakukumbusha kwa sauti kubwa kuliko ya mama yako.

Barua yako ya kuitwa kwenye jeshi la wanamaji ilipokuja, uliingia uani ukikimbia mpaka kuku wakatawanyika. Mama yako alipiga vigelegele. Mimi nikasema, "Ni vizuri," nikaenda kufunga mbuzi ambao walikuwa tayari wamefungwa. Jioni nilikusikia jikoni ukimwambia, "Huyu mzee alikuwa navy miaka ishirini na mbili, na hata hawezi kunipa mkono?" Mama yako alikuuliza kama umeonja chumvi kwenye isyo, yale mahindi na maharagwe.

Si hilo tu. Najua mengine uliyoyaweka moyoni. Ulipokuwa darasa la saba mwalimu wenu alitaka mzazi aliyekuwa jeshini aje na medali zake, nikakataa, ukaenda shuleni ukidanganya kwamba naumwa na mgongo. Kamati ya maji ya kijiji imenitaka niwe mwenyekiti mara nne, nikakataa mara nne, na watu wakakuuliza wewe baba yako ana kiburi gani. Hata kanisani, pasta aliponiomba nisimamie tu watu wanavyokaa siku ya harambee, nilitoka nikaenda kukaa nyuma kabisa karibu na mlango. Ulinikasirikia. Ulisema serikali ilinifundisha kazi bure kisha nikaja kuifungia kabatini.

Kuna jambo nililifanya nikiwa nimevaa nguo ambayo wewe unaenda kuvaa. Nisipokuambia leo, utaivaa bila kujua imewahi kufanya nini katika nyumba hii. Nikikuambia, huenda kesho usitake nikusindikize mpaka Emali kupanda basi. Nimepima hayo mawili kwa wiki tatu. Nimechagua kukuambia.

Lakini nianze na babu yako, kwa sababu mimi sikuanza mambo haya.

Baba yangu alienda vita vya Hitler kutoka upande wa Kitui, kabla familia haijahamia huku. Alienda ili awe askari wa nchi kavu kama wenzake. Mzungu alipita mbele ya mstari akachagua vijana wenye mabega, akawaambia nyinyi mtaenda melini. Baba hakuwa ameona maji mengi kuliko ya bwawa la ng'ombe. Walimpeleka Mombasa, wakamweka kwenye meli ndogo zilizokuwa zinasafisha njia ya bandari, zinatafuta mabomu yaliyotegwa majini kabla meli kubwa hazijapita. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye tanuri la makaa. Alisema kila siku alikuwa anangoja chuma kipasuke chini ya miguu yake, na alijifunza kutofikiri. Ukipewa amri, unatii. Anayefikiri kwanza anaua wenzake.

Hayo alirudi nayo. Vita vilipokwisha, Bwana DC alikuwa anatafuta watu wa kusimamia wenzao kuchimba matuta ya kuzuia udongo usiende na mvua. Kazi ya lazima, kila nyumba mtu mmoja, siku mbili kwa wiki. Nani anafaa? Yule aliyetoka melini na filimbi yake. Basi baba yangu alikuwa anasimama juu ya kilima alfajiri anapiga filimbi, na wajomba zake, watu waliompakata akiwa mtoto, wanatoka na majembe. Aliyechelewa alichimba sehemu mbili. Mjomba mmoja alikuwa na mguu mbovu. Alichimba sehemu mbili.

Udongo ulibaki, hilo siwezi kuficha. Matuta yale yapo mpaka leo na mahindi yanamea juu yake. Lakini baba alipokufa nilikuwa na miaka kumi na sita, na majirani walikuja kuchimba kaburi kama kawaida yetu. Bibi mmoja mzee aliketi pembeni akiwatazama vijana wanavyotoa jasho, akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu hata amekufa na bado anatuchimbisha." Watu walicheka msibani. Mimi nilimchukia yule bibi kwa miaka mingi. Siku hizi namwelewa kabisa, na ningependa angekuwa hai nimpelekee sukari.

Nikaenda jeshini kwa sababu ya baba, na nikaomba wanamaji kwa sababu ya baba. Sikujua kuogelea. Walinitupa kwenye maji nikanywa karibu nusu ya bahari, vijana wa pwani wakacheka wakaniita ng'ombe wa Ukambani. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa naogelea kuwapita baadhi yao. Nakuambia hili ujue kwamba niliipenda kazi ile. Mwaitu, niliipenda sana. Usije ukafikiri barua hii inakuambia usiende.

Sasa sikiliza jinsi nilivyopata kiburi. Tukiwa doria mbali na nchi kavu, mashine ya kugeuza maji ya chumvi kuwa maji ya kunywa iliharibika. Tulikuwa na tangi moja la maji matamu na siku kumi na moja za kurudi. Mkuu wa meli alinipa mimi ufunguo wa lile tangi. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni, kila mtu na jina lake kwenye orodha, naye mkuu mwenyewe anapanga mstari. Siku ya sita afisa mmoja mwenye cheo kikubwa alikuja nje ya zamu. Alisema kichwa kinamuuma, anataka kikombe kimoja tu. Nikamwambia, "Afande, rudi kwenye mstari." Alinitazama kama atanila. Akarudi. Tulipofika bandarini watu wote wakiwa hai, mkuu wa meli alinisifu mbele ya wenzangu, na nikaandikiwa barua ya pongezi. Niliikunja nikaiweka mfukoni upande wa moyo. Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nikaamini kwamba nimejua haki ni nini.

Mwaka uliofuata nilikuja nyumbani kwa likizo, na ukame ulikuwa umeshika nchi hii shingoni. Wewe umeona kiangazi, lakini kile hukukiona. Visima vya mchanga kule mtoni vilikuwa vimeshuka mpaka mtu anaingia na ngazi. Na unajua jinsi watu wetu wanavyochota kwenye kisima cha mchanga, kwa sababu mpaka leo iko hivyo. Kila mtu anangoja zamu yake, na kelele na matusi madogo hayakosi. Lakini akifika mtu na mgonjwa mgongoni, haulizwi. Aliye mbele anaupokea mtungi wake, anaujaza, anamrudishia. Hakuna anayempisha kwa maneno na hakuna anayesema asante. Watu husogea tu. Nimekua nikiona hivyo, mama yangu alifanyiwa hivyo nikiwa mimi ndiye mgonjwa mgongoni.

Wiki ile jeshi lilikuwa linazungusha malori ya maji vijijini. Siku hizi jambo lolote likishindikana watu husema leteni jeshi, na zamani ilikuwa hivyo hivyo. Lori lilikuwa lije sokoni kwetu Jumatano. Chifu wa wakati huo alikuja nyumbani Jumanne, akanywa chai, akasema, "Afande, lori iliyokuja upande ule mwingine watu walipigana, mama mmoja akavunjika mkono. Wewe ni mtu wa serikali. Simamia."

Nikamwambia mimi niko likizo, sina amri ya kufanya kazi hapa.

"Si kazi. Ni kusaidia watu wenu tu. Lakini vaa nguo. Ukivaa nguo wataogopa kidogo."

Nikavaa. Mama yako aliniona nikipiga viatu rangi asubuhi ile, akaniuliza, "Hizo viatu ni za kuenda kuteka maji?" Alikuwa ananitania. Alikuwa amemshika Kyalo.

Unamjua Kyalo kama lile kaburi dogo juu ya shamba, na kama jibu la mama yako unapouliza, kwamba kaka yako alikufa kwa homa. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba. Tulimwita Kyalo, yaani safari, kwa kuwa alizaliwa nikiwa baharini. Usiku wa kuamkia Jumatano alianza kuhara. Mimi niliona, nikasema ni meno. Nikaenda.

Niliipanga laini ile vizuri sana. Bado naiona. Kutoka kwenye duka la mbolea mpaka mti wa posta, watu wameshika mitungi, kila mtungi nimeuandika namba ya mwenyewe kwa chaki, mitungi miwili kwa kila nyumba. Hakuna kelele. Watoto hawakimbii. Dereva wa lori alishangaa, akaniambia mahali pengine wamelazimika kutumia fimbo. Chifu alikuwa anatembea na mikono nyuma akitabasamu. Nilisimama pale kwenye mpira wa maji nikajiona niko melini.

Mama yako alifika jua likiwa juu. Alikuwa amechelewa kwa sababu ya kumshughulikia mtoto, na maji ya nyumbani yote yalikuwa yameisha kwa kumwosha na kumnywesha. Kyalo alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande. Mama yako hakuenda mwisho wa laini. Alikuja mbele moja kwa moja, kama mtu yeyote wa kwetu angefanya na mgonjwa mgongoni. Na watu walianza kusogea, Mwaitu. Nakuomba usome hapo mara mbili. Walikuwa wameanza kusogea. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza alikuwa ameshanyoosha mkono aupokee mtungi.

Nikasema, "Hapana. Rudi nyuma."

Mama yako alifikiri sijamwona ni nani. Akasema, "Ni mimi. Mtoto anaendesha tangu usiku, sasa hata machozi hana. Nijazie moja tu niende."

"Namba yako ni ngapi?"

"Namba gani?"

"Kila mtu hapa ana namba. Hakuna bibi ya afande hapa. Rudi kwa laini."

Nilimjibu kwa Kiswahili. Yeye alikuwa ameongea Kikamba, sisi nyumbani hatukuwahi kuongea kitu kingine, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili cha kambini. Unaona hata barua hii nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kikamba nisingefika ukurasa wa pili.

Mama yule wa mbele alijaribu. Alisema polepole, "Afande, si apite, ni mgonjwa." Nikamtazama tu, nikiwa nimesimama wima na kofia yangu. Akaurudisha mkono. Wale waliokuwa wamesogea wakarudi mahali pao, wakaangalia chini. Kama ningekuwa nimevaa shati langu la nyumbani, wangenitukana. Wangenisukuma pembeni, mimi mtoto waliyemwona akitembea bila suruali, wangemjazia mtungi na kuniuliza kama nimerogwa. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya nguo. Watu sitini na zaidi walijua kilicho sawa, na mtu mmoja ambaye hakujua ndiye aliyevaa kofia.

Nilichora namba kwenye mtungi wa mama yako. Themanini na nane. Alienda nyuma. Alipanga laini, hakuondoka, akasimama kwenye jua na mtoto mgongoni kwa muda wa saa mbili hivi. Nilimwona. Kila nilipoinua macho nilimwona, na nitakuambia ukweli wote maana nusu yake haina faida: nilijisikia vizuri. Nilikuwa namkumbuka yule afisa wa kichwa kuuma. Niliwaza, leo watu wa kwetu wanaona haki isiyopendelea hata mke.

Lori liliisha kwenye sabini na tatu.

Mama yako alienda na mtungi wake mtupu mpaka kwenye bwawa ambamo ng'ombe waliobaki walikuwa wanakunywa. Aliyachuja maji yale kwa leso, akayachemsha, akampa. Jioni nilirudi mikono mitupu pia, nikimweleza jinsi kazi ilivyoenda. Hakuniangalia. Usiku Kyalo alianza kutapika. Alhamisi tulimbeba mpaka dispensari, na muuguzi alipomfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama kwa kukaukiwa maji. Alikufa Ijumaa kabla ya mchana.

Sijui kama mtungi mmoja ungemwokoa. Nimewauliza watu wanaojua, nikijifanya nauliza habari ya mtoto wa mtu mwingine. Mmoja alisema ndiyo, mwingine alisema alikuwa amechelewa tayari. Nimeishi na majibu hayo mawili zaidi ya miaka ishirini, na kila asubuhi naamka na moja kati yao.

Kilichofuata ndicho nilichoshindwa kabisa kumwambia mtu. Siku ya mazishi chifu alisimama kuongea. Alisema mtoto ni wa Mungu. Kisha akasema, "Lakini nataka watu wa hapa waige huyu afande. Huyu ni mtu wa haki. Mnakumbuka juzi, hata bibi yake mwenyewe alipanga laini." Watu wakaitikia. Wengine wakapiga makofi, si kwa ubaya, walifikiri wananifariji. Mama yako alikuwa ameketi chini karibu na kaburi, na mimi nilikuwa nimesimama wima, na nilikuwa nimevaa nguo ile ile, kwa sababu ndiyo nguo nzuri niliyokuwa nayo.

Baada ya siku nne alifunga vitu vyake kwenye leso akaenda kwa wazazi wake Kambu. Likizo iliyofuata nilimfuata. Babu yako wa Kambu alinikuta getini, mzee mpole ambaye hakuwahi kuniinulia sauti, akasema, "Nenda uvue hiyo kitu, ndio uje kwangu." Nilikuwa nimeenda na nguo ya kazi, Mwaitu. Baada ya yote yale, nilikuwa nimeivaa, nikidhani itanisaidia kuheshimiwa. Nikarudi mpaka barabarani, nikanunua shati la mtumba na suruali fupi ya kijani, nikabadilisha nyuma ya kibanda cha matikiti, nikarudi nimebeba jeshi langu kwenye mfuko wa plastiki.

Mama yako alitoka akasimama mbali kidogo. Nikaanza kusema, ningejua mtoto ameumwa kiasi kile. Akanikata.

"Mtoto Mungu alichukua. Mimi sikuja huku kwa sababu ya mtoto."

"Ni nini basi?"

"Uliniuliza namba."

Siku ile nilirudi peke yangu. Nilienda Kambu mara tisa. Ya tisa alirudi nami, na mpaka leo sijui kwa nini, na sijawahi kumuuliza. Hajawahi kuniambia amenisamehe. Amenipikia, ameniuguza malaria, amekuzaa wewe, ameimba karibu nami kanisani. Nimejifunza kutodai neno lile.

Kati ya safari hizo za Kambu, mvua ilikuja, na ilikuja kwa hasira. Mito ya upande wa pwani ilivunja kingo, tukatumwa na boti za mpira kutoa watu juu ya mapaa. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya bati na watoto wake watatu, kuku mmoja na redio. Alinipa mtoto mdogo kwanza. Nikampokea, nikafungua chupa yangu nikamnywesha, na wengine walipokwisha kuingia kwenye boti mwenzangu akaniambia, "Mpe mamake sasa." Sikuweza. Mikono haikufunguka. Alinitoa vidole kimoja kimoja. Yule mama alinishika kichwa akaniombea baraka, mimi na watoto wangu na jeshi lote. Nilitaka kumwambia anyamaze.

Ilikuwa nguo ile ile. Ndiyo maana sikujua jinsi ya kukupa mkono uliporudi na barua yako. Niliwaona wote wawili kwa pamoja, wewe ukiwa kwenye boti ile na wewe ukiwa kwenye mpira wa lori, na sikujua ninampa mkono yupi.

Utakuwa mwanamaji mzuri kuliko mimi. Umeshajua kuogelea kwenye lile bwawa la kokoto ingawa tulikukataza, na una mdomo, jambo ambalo nilikuwa nalalamikia na leo namshukuru Mungu. Mafunzo yatakufundisha kutii, na yako sawa, kuna mahali chuma kinaweza kupasuka chini ya miguu na hakuna muda wa kuuliza. Lakini meli ina mwisho wake. Kuna mahali unashuka. Mimi na baba yangu hatukushuka, tulikuja na meli mpaka huku kwenye mchanga, tukawafanya watu wetu mabaharia bila kuwauliza. Sijui nikuambie ufanye nini siku watakapokutuma kwa raia, kugawa chakula au kujenga daraja au kupanga watu. Mimi si mtu wa kukufundisha hilo. Nakuambia tu nilichokiona, kwamba watu waliponyamaza mbele yangu nikadhani ni nidhamu, nilikosea. Walikuwa wanajua kitu, na hawakuweza kuniambia.

Basi litapita Emali asubuhi. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako leo, ili uisome nikiwa hapa, usije ukaisoma mahali ambapo huwezi kunijia juu. Kama utataka uende na mama yako peke yake, sema tu, nitabaki na mbuzi na sitakuuliza kwa nini. Kama utataka kukaa kimya mwaka mzima, nitangoja. Nina mazoezi.

Nilikuwa nimemalizia hapo. Lakini sikutaka kukupa kitu ambacho mama yako hajakijua, maana ni chake kuliko changu. Nimemwita stoo, akaketi juu ya gunia, nikamsomea yote tangu mwanzo. Tangu pale Kambu hatujawahi kuongea habari ya siku ile, hata mara moja, katika miaka hii yote. Alisikiliza akichambua mawe kwenye ndengu. Nilipofika kwenye laini mikono yake ilisimama. Nilipomaliza akasema, "Iko sawa. Lakini umesahau kuandika kuwa alikuwa ameanza kuongea."

Nikamuuliza alikuwa anasema nini.

"Manzi. Alikuwa anajua kusema manzi tu. Ile siku kwa laini alikuwa anasema huku mgongoni, manzi, manzi, mpaka akachoka."

Manzi, maji. Mwaitu, sikuwa nimesahau. Nilikuwa sijui. Nilikuwa kule mbele, na injini ya lori ilikuwa inanguruma, na kabla ya hapo nilikuwa baharini, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mwanangu alikuwa na neno moja.

Baba yako